Maji Sijagusa

Asubuhi ya Jumatano, Raya alifungua dirisha la chumba chake cha Mwembesongo, akaona ukungu umeifunika milima ya Uluguru kuanzia kileleni mpaka chini kwenye migomba. Hakushangaa. Milima ile ikiamka bila ukungu ndipo watu huulizana kulikoni. Alisema alhamdulillahi kwa kuuona hata huo ukungu, maana kabla ya Jumatatu, bila miwani, asingejua hata dirisha lenyewe linaishia wapi.

Kisha jicho la kulia likamwasha, akalifumba. Ukungu ukaondoka.

Akalifumbua, ukungu ukarudi. Akalifumba tena, milima ikasimama mbele yake safi kama sahani iliyooshwa. Aliliona bati la nyumba moja likimeremeta huko juu, na njia nyekundu inayopanda kwa kujipinda. Alifumba na kufumbua mara nne, mara tano, kisha akakaa kitandani. Ukungu haukuwa mlimani. Ulikuwa ndani ya jicho lake.

Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu afanyiwe upasuaji wa macho kwa leza huko Dar es Salaam. Daktari wa huko alimweleza kwa maneno mepesi. Juu ya kioo cha jicho hukatwa utando mwembamba, ukafunuliwa kama ukurasa wa kitabu, leza ikasawazisha kilicho chini yake, kisha ukurasa ukafunikwa. "Hatuushoni," alisema. "Unajishika wenyewe. Siku hizi za mwanzo uuheshimu." Jumanne asubuhi alimsomesha herufi mpaka mstari wa mwisho, akamruhusu arudi Morogoro, ambako kliniki moja ya macho huko Kihonda ingeendelea kumwangalia.

Raya alikuwa na miaka thelathini na miwili, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameitazama dunia kupitia vioo vinene. Shuleni walimwita Chupa. Katika maabara ya udongo alikofanya kazi, akikausha na kuchekecha sampuli za mashamba, miwani ilishika vumbi na mvuke kutwa nzima. Alipoambiwa upo uwezekano wa kuiacha, aliswali rakaa mbili za kuomba uongofu, akaamua. Mumewe Stambuli, mnunuzi wa mpunga, alimwambia kafanye, kisha akaenda zake Dakawa kwenye mavuno. Nyumbani akamwachia dada yake, Saada.

Saada aliteremka kutoka mlimani miezi mitatu iliyopita na magunia mawili ya mdalasini. Alisema atakaa wiki moja. Mdalasini uliisha, yeye akabaki, na ulimi wake ukabaki naye.

"Mungu amekupa macho, wewe unampelekea mafundi wamrekebishie kazi yake," alisema siku Raya alipoondoka. "Haya. Mwenye macho haambiwi tazama, sembuse mwenye macho mapya."

Na Jumanne jioni, alipoona chupa tatu ndogo za matone juu ya meza, moja ya kuzuia vijidudu, moja ya kutuliza uvimbe, na moja ya kulainisha jicho, aliishika hiyo ya tatu akaigeuzageuza. "Hii nayo?"

"Machozi ya dukani. Macho yangu yatakuwa makavu miezi kadhaa."

"Machozi ya kununua! Ungeniambia, wifi. Ya kwangu ninayo tele, na mwenye kunitoa machozi ni wewe."

Basi asubuhi ile ya ukungu, Raya hakutaka Saada ajue. Alitia matone yake, akasubiri kidogo, kisha akajiandaa kwa swala ya dhuha. Kadi ya kliniki ilikuwa imebandikwa ukutani kwa utepe: MAJI YASIINGIE MACHONI WIKI MBILI. USIFIKICHE MACHO. VAA NGAO UNAPOLALA. Jumanne, alipopita kliniki kuchukua dawa, alimwuliza muuguzi, "Na nikitaka kuswali, sista?" Muuguzi akamjibu kwa upole, "Sali tu, mama, kusali hakudhuru. Wewe maji tu ndiyo usiguse."

Kwa hiyo hakugusa. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake udongo alioutayarisha kwa mikono yake kabla ya safari. Si udongo wa barabarani. Ulitoka shambani kwao Stambuli, mlimani. Aliukausha kwenye tanuri la maabara, akauchekecha kwenye chekeche ya mwisho, ile ambayo hata unga wa muhogo ungepita kwa shida. Alinuia, akapiga viganja juu yake, akapangusa uso wote kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, macho ameyafumba. Akapiga tena, akapangusa mikono. Tayamamu. Dini imempa ruhusa mgonjwa asiyeweza maji, naye aliishika ruhusa hiyo kila swala tangu arudi. Hakufikicha. Alipangusa tu.

Kufika adhuhuri, jicho lilikuwa jekundu na linachoma kama limepakwa pilipili kichaa. Saada akamkuta uani, kati ya wapangaji wanaofua, akilikinga kwa kitambaa.

"Eh! Fundi kaharibu?"

Raya alikuwa mtu wa swala na wa maneno machache, lakini hasira yake ilikuwa kama moto wa pumba: haionekani mpaka uukanyage. "Hakuharibu fundi," alisema, na sauti yake ikapanda mbele ya kila mtu. "Kimeharibu kijicho chako. Tangu siku ya kwanza unalitamkia mabaya jicho langu. Umelihusudu mpaka limeoza. Chakula chako nisikione mbele yangu!"

Wanawake waliacha kusugua nguo. Saada alikuwa na ndoo ya maji mkononi. Aliimwaga ndoo palepale, maji yakaifikia miguu ya Raya, akaingia ndani.

Alhamisi asubuhi Raya alikwenda Kihonda. Benchi la kliniki lilikuwa na watu kumi na wawili. Muuguzi, yule yule wa Jumanne, aliitwa Winfrida, mwanamke mnene wa makamo, msalaba mdogo wa fedha shingoni, mwenye sauti iliyozoea kuita namba.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Wewe si wa kuja Jumatatu?"

"Jicho la kulia limepata ukungu. Linauma."

Winfrida alimkalisha kwenye mashine yenye taa, kidevu juu, paji mbele. Chumba hakikuwa na mlango, ila pazia tu. Alitazama kwa muda mrefu, na kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kupumua kwa nguvu.

"Utando umekunjamana. Umesogea. Na kuna uchafu chini yake. Dada, umenawa uso."

"Sijanawa."

"Umefikicha."

"Sijafikicha."

"Sasa huu utando umejisogeza wenyewe? Umetembea?"

"Maji sijagusa, sista. Wallahi tena, maji sijagusa tangu Jumatatu."

"Msiniapie!" Winfrida aliinua kichwa. "Kila siku ni haya haya. Mnapewa kadi, mnasoma, mnafanya mnayotaka, halafu mnakuja kusema uongo, na lawama ni za kliniki. Jicho halidanganyi, dada. Wewe ndiye unayedanganya."

Nyuma ya pazia mtu alicheka. Mzee mmoja akasema, "Aah, vijana wa siku hizi."

Raya alisimama. Alikuwa amelelewa na baba aliyemchapa kwa mambo mengi, ila kwa uongo hakuwahi kumchapa, kwa sababu hakuwahi kuusema. Hilo ndilo lilikuwa joho lake mbele ya watu na mbele ya Mola wake, na mwanamke huyu amelivua mbele ya watu kumi na wawili.

"Utaulizwa kwa neno hilo," alisema.

"Kaa chini. Daktari Rogers yuko kwenye upasuaji, atatoka saa nane. Jicho hili lishughulikiwe leo hii."

"Simpi jicho langu mtu aliyeniita mwongo."

"Basi lipofuke, maana ni lako!" Winfrida alisema, na Raya akafungua pazia, akapita katikati ya macho yote yale na moja lake lililojaa moshi, akatoka.

Usiku huo ukungu ulizidi. Alipoitazama taa ya uani kwa jicho la kulia, aliona taa tano zimepandana, zote zina manyoya. Alijua anafanya ujinga. Alijua na akaendelea kuufanya, kwa sababu hasira ikishavishwa nguo ya haki huwa haitaki kuvuliwa. Aliomba kwa muda mrefu. Hakuomba apone. Aliomba Mwenyezi Mungu amdhihirishie ukweli wake. Watu huomba bila kufikiri kwamba watajibiwa.

Asubuhi ya Ijumaa, jua limekwisha kupanda, Saada aliingia chumbani bila hodi, kuchukua ufagio. Alimkuta Raya ameketi mkekani na kopo mbele yake, amenuia, viganja vimejaa vumbi jekundu. Raya hakugeuka. Alipangusa uso, paji, macho, mashavu, kidevu. Chembe laini zikabaki kwenye kope kama poda ya biharusi.

Saada alisimama na ufagio wake. Hawakuwa wamesemezana tangu Jumatano.

"Nimesikia huko uani kwamba nesi amekuita mwongo," alisema. "Umeapa kwamba maji hujagusa."

"Na sijagusa."

"Kweli kabisa. Maji hujagusa. Unajipaka shamba zima la baba yangu usoni mara tano kwa siku, halafu jicho likiuma, ni kijicho changu!" Alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeumia. "Wifi msomi! Kwetu mlimani hata mbuzi, vumbi likivuma, hugeuza kichwa."

Raya aligeuka amjibu, vumbi likadondoka mapajani.

Alitazama viganja vyake kwa jicho la kushoto, lile zima. Kazini kwake, udongo uliochekechwa kiasi kile huwalazimu wafanyakazi kuvaa barakoa, kwa sababu chembe zake hazionekani na huingia popote. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni hivyo. Na utando haukushonwa. Ukurasa ule uliofunikwa tu, ameupitishia viganja vyenye udongo tangu Jumanne, akisukuma kuelekea chini, kila swala.

"La ilaha illallah," alisema polepole. Kisha akasema lingine, kwa sauti ya chini zaidi. "Saada. Nipeleke Kihonda."

"Mimi? Na kijicho changu?"

"Na kijicho chako. Nipeleke."

Safari nzima Saada alimshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akimwambia, "Hapo kuna ngazi. Hapo kuna shimo. Usije ukaanguka wakasema nimekusukuma."

Kliniki ilikuwa imejaa tena, na mzee aliyesema vijana wa siku hizi alikuwa amerudi kuchukua miwani yake. Raya hakumpa Winfrida shikamoo. Wote pale walisikia nafasi iliyotakiwa kuwa na shikamoo, na Winfrida aliisikia zaidi.

"Si maji," Raya alisema. "Ni udongo. Nimekuwa nikitayamamu."

"Ukifanya nini?"

Raya alimweleza kwa maneno mafupi, na alipoona bado haelewi, alipiga viganja hewani, akavishusha mbele ya uso wake bila kuugusa. Winfrida aliifuata mikono ile toka juu mpaka chini. Rangi ya uso wake ikabadilika.

"Uliniuliza kuhusu kusali," alisema.

"Nilikuuliza."

"Mimi nilijua…" Akafumba macho kidogo na kukunja mikono kifuani, namna wanavyosali kwao, kisha akaiachia. "Ingia ndani. Usisubiri namba."

Daktari Rogers alikuwa kijana mrefu, mwenye haraka. Alitazama kwenye mashine, akasikiliza habari ya tanuri na chekeche, akatikisa kichwa.

"Umeusafisha ukawa mbaya zaidi," alisema. "Ungekuwa wa barabarani ungekukwaruza mara ya kwanza ukaacha. Huu umeingia kimya kimya. Sikiliza. Nitalitia ganzi jicho, niufunue utando, nioshe chini yake, niulaze upya na kuunyoosha. Nitakuvalisha lenzi laini ya kuushikilia, kama bandeji. Kisha matone kila saa, mchana kutwa, ya vijidudu na ya uvimbe. Ungechelewa mpaka wiki ijayo, mikunjo ingekauka kama nguo iliyokunjwa mbichi, na pasi ya kuinyoosha hakuna."

"Nitaona?"

"Utaona. Ni kiasi gani, siwezi kukuahidi. Huenda taa zikabaki na duara usiku. Na chembe za ngozi huweza kuota chini ya utando baadaye, ndiyo maana kila nikikuita utakuja, hata ukiwa umemnunia nani."

Winfrida alikuwa tayari ameshika sinia ya vifaa. Raya hakulala kitandani.

"Jana aliniita mwongo mbele ya watu," alisema. "Hapo nje wapo."

"Dada, jicho linasubiri," daktari alisema.

"Nalijua. Nami nasubiri."

Winfrida aliweka sinia chini kwa kishindo, vyuma vikalia. Alilivuta pazia mpaka mwisho wa waya wake, akasimama mbele ya benchi zima, mikono kiunoni, kama anayetaka kupigana nao.

"Jana nilisema huyu dada ni mwongo," alitangaza. "Si mwongo. Alisema maji hakugusa, na maji hakugusa. Mimi ndiye sikumwuliza vizuri. Mmesikia?"

Mzee wa miwani alisema amesikia.

"Basi. Namba saba aje apime presha!" Akalirudisha pazia. Macho yake yalikuwa mekundu karibu kama la Raya. "Haya, lala sasa. Umefurahi?"

"Hapana," Raya alisema, akalala.

Haikuchukua nusu saa. Hakusikia maumivu, alisikia tu baridi ya maji ya chumvi yakipita mahali ambapo mtu hafikirii kwamba maji hupita, na sauti ya Winfrida, karibu sana na sikio lake, ikisema kila mara, "Tazama taa. Usiiache taa. Hivyo hivyo." Mkono uliokuwa umemshikilia kichwa ulikuwa mzito na haukutikisika hata mara moja. Alipoinuka, na ngao ya plastiki imebandikwa juu ya jicho, Winfrida alikuwa ameishika kadi mpya ya mgonjwa. Chini ya neno MAJI alikuwa ameongeza kwa kalamu: WALA UDONGO, WALA KUPANGUSA USO. Hakumwonyesha. Aliiweka juu ya rundo, akachukua ya pili.

Nje, Saada alikuwa amesimama, hakukubali kuketi.

"Wamelitoa?"

"Wameliosha."

Njiani Raya alimpigia simu Ustadhi Hassani, aliyemsomesha Kurani utotoni, akamsimulia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, ungeniuliza Jumatatu. Aliyekuruhusu uache maji ili usidhurike hakukuruhusu udhurike kwa udongo. Futa panapofutika kwa kitambaa chenye unyevu, jicho liache kama lilivyo. Yanayobaki anayajua Yeye." Akaongeza, "Na kama kuna mtu ulimdhulumu kwa ulimi kwa ajili ya jicho hilo, mtangulize huyo kabla ya swala."

Walipofika nyumbani, Raya alimfuata Saada jikoni. "Wifi, lile neno la Jumatano…"

"Silitaki humu," Saada alisema, akimenya kitunguu. "Ulinitukana uani. Jikoni kuna sufuria tu, nazo hazikusikia."

Raya aligeuka mlangoni. Asubuhi ile ile alimwambia mwanamke mwingine neno kama hilo, na lilikuwa tamu mdomoni. Sasa lilikuwa na ladha nyingine. Akatoka uani. Wapangaji walikuwa wanaanua nguo. Alisema, na maneno yakatoka makavu, bila mpangilio, kwamba jicho lake halikuharibiwa na husda ya mtu, aliliharibu mwenyewe kwa kutojua, na aliyegundua ni wifi yake, na kwamba alimsingizia. Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo si kijicho?" Akajibu, "Si kijicho." Akarudi ndani, masikio yanawaka.

"Nimesikia," Saada alisema bila kuinua kichwa. "Kukusamehe bado. Nitaangalia."

Adhana ya alasiri ilipoadhiniwa, Raya alichukua bakuli na kitambaa. Lakini kwa jicho moja, na kwa woga alioupata, mkono ulirudi nyuma kila ulipokaribia uso. Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu Saada alimnyang'anya kitambaa, akakikamua kwa nguvu ya mtu anayekamua tui, mpaka tone la mwisho.

"Nuia mwenyewe. Hilo siwezi kukunuilia."

Raya alinuia. Saada akaanza kwenye paji, akashuka pembeni, akazunguka mbali na ile ngao, taratibu, namna wanavyopalilia huko kwao mlimani kuzunguka mche mchanga, jembe linakaribia na haligusi. Harufu ya kitunguu ilikuwa kali mikononi mwake. Jicho zima la Raya likaanza kulengalenga.

"Tulia," Saada alisema. "Na hayo machozi yazuie. Umesahau? Wewe yako ni ya kununua."